Sauti Nne Kitangari

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, maana Newala nzima wanalijua, na nikilificha watalitia chumvi.

Nilikuwa nakusanya data za shahada ya pili, katika umri ambao wenzangu wa Masasi wanaozesha mabinti. Kazi yenyewe nyepesi kuieleza. Unawasikilizisha watu sauti nne zinazosoma Kiingereza, ya Mwingereza, Mmarekani, Mnaijeria na mtu wa hapa kwetu, nao wanajaza karatasi: huyu ana akili kiasi gani, ana adabu, ungependa amfundishe mwanao? Wiki mbili juani, karatasi kumi na moja. Zilitakiwa sitini. Kwa hiyo Mzee Bwanali, mwenyekiti wa wazazi wa shule moja ya mchepuo wa Kiingereza, aliponiita kwenye kikao chao Kitangari, nilikimbia bila kuuliza ajenda.

Ajenda ilikuwa Yasinta, binti wa kijiji cha Chilangala, mwalimu wao wa Kiingereza wa muda. Wanaamua abaki au aondoke. Na sauti ya nne kwenye spika yangu ilikuwa ya nani? Yake! Nilikuwa nimemwahidi kwamba hakuna atakayemtambua. Yasinta, ambaye huku Newala hakuna harusi isiyomwita ashike maiki.

Sauti ya kwanza ilipoisha, Mama Zabibu, mwenye watoto wawili shuleni pale, alikunja uso.

"Mwanangu, huyu mbona hajasalimia?"

"Mama, hiyo ni sauti ya kurekodiwa tu."

"Hata kama. Adabu nampa moja."

Benchi zima likaandika moja. Miezi minane ya kupanga utafiti ikaenda na salamu.

Ya nne ilipoanza tu, wakaangua kicheko. "Si Yasinta huyo!" Yasinta, aliyekaa karibu na mlango, aliniangalia mara moja, kisha akageukia dirisha. Heri angenitukana.

Mzee Bwanali akasimama, karatasi mkononi. "Wazazi, utafiti huu umetusaidia sana." Nilitamani ardhi inimeze na spika yangu. "Kiingereza cha yule wa pili, Mmarekani, ndicho tunachokitaka. Mambo mazito, ya kisomi. Binti yetu huyu anatusomea habari za kuanika korosho! Korosho si tunazo? Mkataba wake uishie hapa."

"Mzee wangu, samahani," nikadakia. "Utafiti huu haupimi walimu. Halafu wote wanne wamesoma aya moja, neno kwa neno. Ni kuanika korosho mwanzo mpaka mwisho."

"Usinitanie, kijana."

"Utani ndio kawaida yangu, mzee, lakini leo sina hata nguvu."

Akakohoa, akaikunja karatasi, akaikunjua. "Haya, hata kama ni korosho. Mmarekani anazitamka kwa hadhi."

Baadhi wakaitikia kwa vichwa. Nikaona Yasinta anaanza kukusanya daftari zake.

Ndipo Mama Zabibu akainuka, akakaza kanga kiunoni.

"Baba Salmini," akamwambia mwenyekiti, "watatu wamekusomea korosho, hukuzisikia. Huyu binti kakusomea mara moja, umezisikia zote. Ungekuwa mwanafunzi, ungefaulu kwa nani?"