Shavu la Kushoto

Mtaa mzima ulimwita Flashi, na kazi iliyomlisha haikuwa kupiga picha bali kuzisafisha. Mtu akija na chunusi, kwenye kitambulisho anatoka bila chunusi. Asiye na tai anavishwa tai ya kwenye kompyuta, ileile moja ya buluu, hivi kwamba nusu ya wanaume wa mtaa walionekana kwenye vyeti vyao kama waajiriwa wa kampuni moja. Hakuona uongo wowote hapo. Alisema uso una mambo ya kudumu na mambo ya kupita, na yeye huondoa yanayopita.

Kwa hiyo dada yake mkubwa alipogundulika kuwa na saratani ya koo, na ukoo ukaamua kuchangishana, hakuna aliyeuliza nani atapiga picha ya tangazo. Dada alifika studio na blauzi ya manjano, akaketi dirisha likiwa kushoto kwake, akaambiwa asicheke, akacheka.

Mjomba wao, mshika fedha wa mchango, aliikuza picha ile kwa vidole viwili kwenye simu yake, akaguna.

"Mpwa wangu, hii picha haiombi."

"Haiombi vipi?"

"Yaone mashavu haya. Huyu si mgonjwa, huyu ni bibi harusi anasubiri gari."

Ikatumwa hivyohivyo. Kikundi cha simu kikajaa pole nyingi na fedha kiduchu. Binamu mmoja akaandika kwamba kama saratani inanenepesha namna hii, naye anaitaka. Akafuta baadaye, lakini watu walikuwa wameshacheka. Hospitali ilitaka malipo kabla ya kuanza mionzi, na daktari alikuwa amesema bila kuzunguka kwamba uvimbe huu ukiwahiwa unatibika, ukichelewa hautibiki. Flashi aliuchukua ukweli huo kama ulivyo. Akafunga mlango wa studio mchana kweupe, akaketi mbele ya kompyuta.

Alipunguza wekundu wa midomo, akatia kijivu. Akashusha kope kidogo. Akaweka weusi chini ya macho. Kisha akalichimba shavu la kushoto: kivuli kirefu, kutoka chini ya mfupa hadi karibu na pembe ya mdomo. Alijua kwamba amekosea. Mwanga ulitoka kushoto. Shavu hilo lilipaswa kung'aa, na mpiga picha yeyote angeona kuwa kivuli hicho hakina pa kutokea. Lakini wachangiaji si wapiga picha. Akakiacha. Katika haraka akaihifadhi juu ya picha ya kwanza, kosa ambalo angemfokea mtu mwingine yeyote kwa kulifanya.

"Sasa hii," mjomba alisema, sauti imemshuka, "hii inaomba."

Fedha zilianza kuingia kabla jua halijazama. Hata binamu wa mzaha alituma, tena na ya kutolea. Dada hakuiona picha yenyewe. Mgonjwa hawekwi kwenye kikundi cha kumchangia.

Kabla ya mionzi, daktari wa meno alimng'oa magego yaliyooza, kwa sababu taya likishapigwa mionzi halistahimili tena kung'olewa jino. Yalikuwa ya upande wa kushoto. Ni jambo la kawaida. Kisha koo likawa kidonda, chakula kikawa uji, mwili ukapungua. Hilo nalo ni la kawaida, walionywa mapema. Flashi alikuwa akimsindikiza na kukaa naye kwenye benchi la kusubiria. Asubuhi moja dada aligeuka kumuuliza kitu, mwanga wa dirisha ukimwangukia kushoto, na kivuli kilikuwepo. Kilianzia chini ya mfupa, kikaishia karibu na pembe ya mdomo.

Ni pengo la magego, alijiambia. Shavu limekosa cha kuliegemeza, limebonyea. Akajiambia tena. Kisha akauona mdomo, na kijivu chake akakijua, maana alikichagua mwenyewe kati ya vijivu vingi.

Tangu hapo hakuweza kumtazama dada yake bila kumkagua. Alitafuta mahali ambapo uso na picha vinatofautiana, na kila walipokutana mahali hapo palikuwa pamepungua.

Kikaja kikwazo kingine. Kinyago cha plastiki kinachomshika kichwa asitikisike wakati wa mionzi kilikuwa kimeanza kumpwaya; uso umekonda ndani yake. Kitengenezwe kingine, na kilipiwe. Mjomba akapiga simu.

"Mpwa wangu, tupate picha mpya. Watu wanataka kuona wanachochangia."

Flashi akaenda na kamera nyumbani kwa dada. Alipoweka jicho kwenye kamera, aliona picha aliyokwisha kuituma. Akaishusha.

"Mbona hupigi?" dada aliuliza, kwa mnong'ono uliobaki kuwa sauti yake.

"Mwanga mbaya."

Shangazi yao, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, akadakia. "Kwani ya nini nyingine? Si ipo ileile?" Akaifungua simu yake na kumpa dada kabla Flashi hajanyanyuka.

Dada aliitazama. Akagusa shavu lake, halafu lile la kwenye simu.

"Hii umenipiga lini?"

"Zamani kidogo."

"Ni siku ile ya studio. Siku ile nilikuwa na meno yangu, Flashi. Nilikuwa nacheka."

Shangazi akakumbuka maji aliyobandika jikoni, akatoka.

"Dada, hela zilikuwa haziingii."

"Sijakuuliza hela."

"Niliongeza kivuli, basi. Rangi tu. Meno yaling'olewa kwa sababu yalioza. Unakonda kwa sababu huli. Muulize daktari."

"Daktari anajua kwa nini mtu anakonda. Hajui kwa nini nimekonda hivi." Akaigeuza simu imtazame Flashi. "Kila shimo, palepale. Wewe mwenye akili nieleze."

Flashi akanyoosha mkono kuichukua simu, dada hakumpa.

"Hiyo mionzi iliyobaki siendi," dada alisema.

"Ukikatiza katikati, uvimbe unarudi. Hilo si la kubishana."

"Basi nirudishe. Ulinichora mgonjwa, nichore mzima. Nikijiona, naenda. Nisipojiona, hicho kinyago wamvalishe mjomba."

Alikuwa anatania, na hakuwa anatania.

Flashi alirudi studio akiwa hana pa kuanzia. Picha ya kwanza haikuwepo tena. Katika picha za harusi dada alikuwa mstari wa nyuma, uso kama punje, umefunikwa poda. Ile ya kitambulisho aliisafisha yeye mwenyewe miaka iliyopita, na katika kuisafisha alikuwa ameondoa kila kitu. Akajaribu kulichora shavu kwa kumbukumbu. Mara ya kwanza alitoka mwanamke asiyemjua. Alipofuta na kuanza upya, alitoka mama yao, kama alivyokuwa siku za mwisho, na Flashi akazima kompyuta kwa swichi ya ukutani. Uso wa dada alikuwa ameujua tangu anabebwa mgongoni. Sasa kila alipofumba macho aliona kazi yake mwenyewe.

Alipoinuka alijiona kwenye kioo ambacho wateja huchania nywele. Watu walisema siku zote kwamba yeye na dada yake ni kama shilingi kwa ya pili. Akanyoa ndevu. Akaketi kwenye kiti kilekile, dirisha kushoto, akaitega kamera ijipige yenyewe, akacheka. Kicheko kilikataa mara kadhaa kabla hakijawa kicheko. Kisha akakata shavu lake la kushoto akaliweka kwenye uso wa dada. Mwanga ulikubaliana, ngozi zikashikana, hapakuonekana mshono. Ilikuwa kazi safi. Akaihifadhi kwa jina jipya, akajiambia hakuna cha kuogopa. Rangi haijui mwili wa mtu.

Kikundi hakikutumiwa picha nyingine. Kinyago kipya alikilipia kwa kuuza lenzi yake kubwa.

Dada aliipokea picha akiwa ameketi kitandani. Aliishika karibu, akaisogeza mbali.

"Hili shavu ni lako," alisema.

"Ni picha tu, dada."

"Na ile ya kwanza ulisema ni nini?"

 Dada akainua macho, akautazama uso wake ulionyolewa, polepole, kipande kwa kipande, kama yeye alivyokuwa akimtazama siku zote hizi. Kisha akachukua mtandio.

"Twende, tusije tukakosa zamu."

Njiani aliuegemea mkono wa mdogo wake. Flashi alitembea kushoto kwake, shavu lake la kushoto, sasa halina ndevu, likiwa upande wa barabara, upepo ukilipiga. Hospitalini dada aliitwa jina, akaingia, na taa nyekundu ya juu ya mlango ikawaka.

Mzee mmoja aliyekuwa akimsubiri mkewe kwenye benchi alimtazama Flashi kwa muda. Ulimi wa Flashi ulikuwa ukisukuma shavu la kushoto kwa ndani, jino baada ya jino, mbele mpaka nyuma.

"Jino linakuuma, kijana?"

"Hapana," Flashi alisema. Na kwa kuwa alipenda kusema jambo kwa usahihi, akaongeza, "Bado."