Mtoto Haingii Ukumbini

Rasha alikuwa bado ana ziwa mdomoni Samiha alipotokea mlangoni, aproni ya kazi imeshafungwa kiunoni.

"Wifi, utanisamehe," alisema. "Bosi kapiga simu. Msichana wa zamu ya asubuhi kaacha kazi, na mimi nisipofika leo, kesho nisirudi."

Semeni alimtazama mtoto, akamtazama tena wifi yake. Chumba hiki cha Usagara kilikuwa cha Samiha, dada wa mumewe, aliyempa nusu ya kitanda bila kuombwa mara mbili. Walikuwa wamepatana vizuri tu: Samiha, ambaye kwa kawaida aliingia hotelini jioni kukaanga chapati, akae na Rasha mchana, na Semeni awahi kurudi kila mapumziko kumnyonyesha. Mapatano yenyewe hayakutimiza hata wiki.

"Nenda tu, wifi. Nitakwenda naye."

"Chuoni?"

"Sasa nimwache na nani? Chupa haitaki. Kwa kikombe anatema."

Samiha alisita, mkono juu ya fremu ya mlango. "Watakuruhusu?"

"Walipotukaribisha walisema chuo ni nyumbani," Semeni alijibu. "Basi mtoto aende nyumbani na mama yake."

Wote wawili walicheka kidogo, kisha Samiha akatoka mbio. Semeni alimfunga Rasha mgongoni kwa kanga, akatia madaftari na nepi kwenye mfuko mmoja, akashika njia ya Raskazone kwa miguu. Tangu petroli ilipopanda, bajaji alikuwa akizitazama tu zikipita. Sabiri, mumewe, alikuwa kwenye ujenzi Mkinga, na simu zake zilikuwa fupi: mtoto hajambo, chuo kinaendaje, haya, tutaongea.

Tangu Rasha azaliwe, Semeni hakuwa amepata usingizi wa kushiba. Kwa hiyo mji ulimpitia machoni kama kitu kilichotazamwa nyuma ya kioo chenye mvuke: muuza maandazi aliyepunga mkono, ukuta mweupe wenye mabango ya mitihani, miashoki iliyomwaga kivuli chembamba barabarani. Upepo wa bahari ulipoanza kumgusa shingoni alijua amefika, ingawa hakukumbuka alivyovuka barabara kubwa. Chuo kilikuwa kwenye majumba ya zamani yenye veranda pana na mapaa ya vigae. Getini mlinzi alikuwa akibishana na dereva wa gari la maji, na Semeni akapita akiwa amejitanda mtandio wake mpana.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo elekezi ya wanachuo wapya. Wiki nzima walikuwa wameonyeshwa maktaba, wamefundishwa kuandika insha, kutunza muda na kujiepusha na makundi mabaya. Leo walikuwa wanaandikishwa rasmi katika jumuiya za kujifunza walizopangiwa mapema wiki hiyo. Kila jumuiya ilikuwa na jina la mti, na wanachama wake wangesoma pamoja mpaka wahitimu. Bila jumuiya hakuna semina, na bila semina hakuna mtihani. Jambo hilo lilikuwa limerudiwa mara nyingi hata Semeni akawa analisikia usingizini.

Fakhria, aliyechaguliwa kuongoza Jumuiya ya Mkwaju aliyopangiwa Semeni, alimshikia kiti nyuma kabisa karibu na dirisha. Alikuwa msichana mwembamba wa familia ya wafanyabiashara wa hapo hapo mjini, mwenye kuongea haraka.

"Subhanallah! Na huyu nani?"

"Rasha."

"Mbona hukusema una mtoto?"

"Hamkuniuliza."

Noa, kijana wa Lushoto aliyekaa mbele yao, aligeuka, akamwona mtoto, akatabasamu mpaka masikioni. "Mwanachama mpya," alinong'ona.

Bwana Bryson, ofisa wa wanachuo wapya, alipanda jukwaani na kipaza sauti. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa, sauti ya upole. Alianza kueleza maana ya jumuiya. Katika jumuiya, alisema, hakuna anayebaki nyuma. Katika jumuiya, tatizo la mmoja ni tatizo la wote. Mapangaboi yalizunguka taratibu juu ya vichwa vyao, na nje mawimbi yalikuwa yakivuta pumzi na kuishusha. Rasha alilala kifuani pa mama yake, mzito na wa moto. Semeni alishika kalamu ili aandike. Aliandika "hakuna anayebaki," na hapo kalamu ikalala pia.

Alijiona darasani Tongoni, kijijini kwao. Sakafu ya darasa ilikuwa maji ya bahari, maangavu, yakimfika vifundoni, na watoto walikaa kwenye madawati sare zao zikiwa zimelowa hadi magotini, wala hakuna aliyejali. Aliandika ubaoni kwa chaki. Kila herufi aliyoiandika iliteleza ikaingia majini, ikaogelea kati ya miguu ya madawati kama dagaa. Watoto wakainama kuzidaka kwa viganja, wakizitamka kwa sauti kila walipozipata. Mama yake alikuwa amesimama dirishani kwa nje, amebeba kapu la mwani, akimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama maishani. "Mwalimu," mama aliita. "Mwalimu, mtoto analia."

Mtoto alikuwa analia kweli. Rasha alijinyonganyonga kwenye kanga, akapiga yowe moja refu lililopita juu ya kipaza sauti, na ukumbi mzima ukageuka. Semeni alihisi maziwa yakimshuka hata kabla hajampakata vizuri. Alivuta mtandio, akamweka mtoto ziwani, na kimya kikarudi. Lakini Bwana Bryson alikuwa tayari anashuka jukwaani.

"Dada yangu," alisema alipofika, ameinama kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. "Naomba tuzungumze pale nje."

Walisimama mlangoni. Rasha aliendelea kunyonya.

"Mtoto ni baraka," Bwana Bryson alianza. "Hata mimi ninao. Lakini huu ni ukumbi wa mafunzo."

"Najua, mwalimu. Leo nimekosa wa kumwachia. Kipo chumba chochote ninachoweza kukaa naye, nikasikiliza kwa mbali?"

"Chumba hakipo. Tumeshapeleka pendekezo, labda bajeti ijayo."

"Basi nikae pale nyuma. Akilia nitatoka."

"Ameshalia." Alisema bila hasira. "Kanuni ni kwamba asiyesajiliwa chuoni haingii ukumbini."

"Mwalimu, huyu hata kukaa bado hajui."

"Ndiyo nasema, hajasajiliwa. Mtoto haingii ukumbini, dada. Mpeleke nyumbani, urudi wewe. Mahudhurio tutayachukua kwenye mashine alasiri."

Semeni alitazama kule getini, kwenye njia ndefu ya kurudi Usagara, kwenye chumba kilichofungwa ambacho hakikuwa na mtu. Hakubishana tena. Aliketi kwenye sakafu ya veranda, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele kama afanyavyo mama yake akichambua mchele. Sementi ilikuwa ya baridi na ilimpendeza. Alifikiri atapumzika kidogo tu, kisha ataamua.

Alipofumbua macho aliona viatu. Vilikuwa viatu vingi: raba, kandambili, kobazi za ngozi. Jumuiya yote ya Mkwaju ilikuwa imetoka. Noa alikuwa na karatasi ya manila imekunjwa kwapani, na Fakhria kalamu za rangi mkono mzima.

"Tumepewa kazi tuichore jumuiya yetu," Fakhria alisema. "Sasa tutaichoraje bila wewe?"

"Atawakasirikia."

"Amesema kila kundi litafute nafasi yake," Noa alijibu huku akikaa chini. "Sisi nafasi yetu tumeipata hapa. Freshi tu."

Waliitandaza manila sakafuni. Upepo ukaipindua, wakavua viatu na kuviweka kwenye pembe. Noa alichora shina la mkwaju, akalinenepesha kupita kiasi, wenzake wakamcheka. Kila mmoja alitakiwa achore tawi lake na aandike atawasaidia wengine kwa lipi. Fakhria aliandika Kiingereza. Noa aliandika kompyuta, akaongeza "na vichekesho." Kijana mmoja mpole aitwaye Himyar, aliyekuwa hajasema neno tangu wiki ianze, aliandika kwamba anajua kupika pilau, na ghafla kila mtu akataka kuwa rafiki yake.

"Na wewe, mama Rasha?"

Semeni alifikiri. "Andikeni nitawaamsha alfajiri. Mimi nakuwa macho siku zote."

Rasha alipita mapajani mwa mmoja hadi mwingine. Alinyamaza kwa Himyar, aliyekuwa akighani kasida kwa sauti ya chini, akitazama pembeni kwa haya. Harufu ya chumvi ilikuja na upepo. Mtu alianza kueleza shule aliyotoka, mwingine akasimulia mwalimu aliyempenda, na maneno yalikwenda bila haraka, yakipishana na sauti ya bahari, hata Semeni akaona kama ile ndoto yake haikuisha, imehamia tu mahali penye watu. Kwa muda huo hakuogopa chochote. Aliona miaka yote iliyo mbele imelala wazi, na yeye yumo ndani yake.

Alasiri kengele iligongwa. Bwana Bryson alisimama kando ya mashine ya alama za vidole, ndani ya mlango, na wanachuo wakapanga foleni. Jumuiya ya Mkwaju ilipofika alinyoosha mkono, akaizuia.

"Ninyi mlikuwa nje."

"Tulifanya kazi, mwalimu," Fakhria alisema, akimwonyesha manila. "Hii hapa."

Aliitazama picha. Aliitazama kwa muda, na kwa kweli ilionekana kumpendeza. "Kazi nzuri. Wekeni vidole mmoja mmoja. Lakini huyu dada alitolewa ukumbini kabla. Siwezi kumhesabu."

"Mkwaju ni wetu sote," Noa alisema. "Kama yeye hayumo, sisi hatumo."

"Mdogo wangu," Bwana Bryson alimjibu taratibu, "mfumo unafungwa leo. Asiyekuwemo hana jumuiya mpaka mwakani. Na bumu linatoka kwa majina yaliyomo humu. Mimi sikulazimishi. Fikiri nyumbani kwenu wanategemea nini."

Noa alitazama viatu vyake, raba zilizopasuka ubavuni. Bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, ndiyo chakula chake na pango la chumba chake, na kila mtu pale alilijua hilo kwa kuwa wengi wao nao walikuwa hivyo hivyo. Foleni ya nyuma ilianza kunung'unika.

"Weka kidole, Noa," Semeni alisema.

"Semeni…"

"Weka. Usinitie dhambini."

Noa aliweka kidole. Mashine ikalia kidogo, taa ya kijani ikawaka. Fakhria akafuata, machozi yakimlengalenga, kisha Himyar, kisha wote. Kila taa ilipowaka Semeni alitikisa kichwa kukubali, kama anayesindikiza watoto kivukoni. Ilipofika zamu yake Bwana Bryson alifunika mashine kwa kiganja, si kwa nguvu.

"Mwakani, dada," alisema. "Mtoto atakuwa amekua. Utakuja na wenzako wapya."

"Na mwingine wa mwakani mwenye mtoto," Semeni aliuliza, "yeye utamwambia nini?"

Bwana Bryson akawaita wa Jumuiya ya Mwarobaini.

Usiku ule Samiha alirudi ananuka mafuta ya chapati, akakuta wifi yake amekaa kitandani na madaftari yake mapya. Alisikiliza habari yote amesimama. "Ningekaa naye mimi," alisema mwishowe. "Wifi, ningekaa naye mimi."

"Na kazi ungeifanya lini?" Semeni alimvuta mkono akaketi. "Si wewe, wifi. Usijipe hilo."

Jumatatu masomo yalianza, na Samiha bado alikuwa na zamu ya asubuhi. Semeni alimfunga Rasha mgongoni, akaenda hivyo hivyo bila jumuiya. Getini mlinzi, mzee Ernesti, alimsimamisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimepewa maagizo juu yako. Mtoto haingii ukumbini." Alikohoa, akatazama upande wa bahari. "Veranda sikuambiwa."

Somo la kwanza lilikuwa saikolojia ya elimu, katika chumba cha chini chenye madirisha marefu. Semeni alikaa sakafuni chini ya dirisha la mwisho, daftari juu ya goti moja na Rasha juu ya jingine. Alisikia viti vikiburuzwa, kisha sauti ya mwanamke, mwalimu asiyemjua, ikiwasalimu wote. Kitasa cha dirisha kililia juu ya kichwa chake. Alipoinua macho aliona mkono wa Noa ukisukuma kioo mpaka mwisho.

"Kabla hatujaanza," mwalimu alisema, "nataka nisikie kila mtu anaitwa nani na anatoka wapi. Tuanze na mstari wa mbele."

Majina yalianza kusemwa. Yalikuja yakisogea, mstari hadi mstari, pamoja na miji yao: Korogwe, Pangani, Handeni, Muheza. Himyar alitaja lake kwa sauti iliyosikika vizuri. Fakhria akataja lake. Noa akasema anatoka Lushoto, kwenye baridi, na darasa likacheka.

Mstari wa mwisho ukaisha. Mwalimu alifunua ukurasa.

"Semeni Shehe," Semeni alisema kutoka chini ya dirisha. "Natoka Tongoni."

Ukurasa ulisimama. "Nani amesema? Sikuoni."

Semeni alimweka Rasha begani, akashika kizingiti, akasimama dirishani penye mwanga wote wa asubuhi.

"Niko hapa, mwalimu," alisema.