Pale Reli Inapokunja

Nilikuwa nimepiga goti juu ya paa la dobi, kamera jichoni, mashuka mabichi yakinichapa mgongoni, niliposikia honi ya mama.

Mama yangu aliendesha treni miaka ishirini na sita. Nyumbani tulikuwa na picha zake za kila namna, ila za kazini hata moja. Mjomba hakuchoka kumtania: labda dada yake alikuwa anakata tiketi tu. Mama alicheka naye, lakini kicheko hakikufika machoni. Jumamosi ile ilikuwa safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu.

Wiki sita nilikuwa nimetafuta pa kumpigia picha. Stesheni, mlinzi alinitimua. Darajani, wavu uliikata treni vipande vipande. Kando ya barabara, nguzo za umeme zilisimama mbele yangu kama watu wasiojua kupisha. Nilishakata tamaa nilipoona mashuka yakipepea juu ya paa moja, pale reli inapokunja na treni hulazimika kupunguza mwendo. Jua la asubuhi lingekuwa mgongoni mwangu. Sikutaka zaidi ya hapo.

Dobi mwenyewe, jina la utani Mama Povu, alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mwanamke ndiye anaiendesha?”

“Mama yangu mzazi.”

“Basi panda. Ila ukinichafulia shuka moja, utayafua yote.”

Treni ikachomoza, ikaanza kukunja. Papo hapo upepo ukavuma, shuka likanifunika gubigubi, mimi na kamera yangu. Nikapiga ukelele. Mama Povu akalirukia, akalikumbatia kifuani na maji yake yote.

“Piga! Piga, mwanangu!”

Nikapiga. Mara moja tu. Kufumba na kufumbua treni ilikuwa imepita, naye Mama Povu, amelowa chapachapa, akaisindikiza kwa kigelegele.

Kesho yake jioni niliiweka picha mezani. Mama dirishani, kiwiko nje, mabehewa kumi na manne yakimfuata katika upinde mmoja mpana unaometa. Mjomba akayahesabu mabehewa kwa kidole.

Mama aliiinamia picha kwa muda mrefu. Miaka yote ile, treni ilikuwa nyuma yake.

“Kumbe ni ndefu hivi,” akasema.

Kisha akaniuliza nyundo iko wapi.