Bolti Iliyofunga Barabara

Maganga alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, wa Wagika wa Nyasubi, na kwa misimu miwili mfululizo Wagalu, chama pinzani cha ngoma, walikuwa wamemnyang'anya watazamaji. Usukumani ushindi wa ngoma hauna hakimu. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, kila mtu anakwenda anakovutwa, na jua likizama, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Safari hii wenzake walimwambia bila kumung'unya maneno: akishindwa tena, umanju anamwachia Athanas, kijana mwenye kifua na sauti.

Ndiyo maana lori lililokuwa likiwapeleka mashindanoni Shinyanga lilipokata mkanda wa feni, Tinde wameshaipita na mji bado haujaonekana, Maganga alishuka akiilaani serikali nzima ya Mwingereza. Kodi inalipwa kila mwaka, alisema, na mashimo yanazidi kuzaana. Wakubwa huyafukia siku anayopita gavana tu. Mashimo hayo hayo ndiyo yaliyomchelewesha marehemu mkewe kufika hospitali. Maneno yake yakifika hapo, watu humwacha apoe.

Akida, dereva, mtu wa Pangani aliyeletwa bara na kazi za machimbo ya Geita, alikuwa na mkanda mpya chini ya kiti. Taabu ilikuwa bolti moja. Ili mkanda uingie lazima dainamo isogezwe, na dainamo ilishikwa na bolti iliyoliwa na kutu hadi ikawa kitu kimoja na chuma chake. Akida akatia spana, akavuta. Akachomeka bomba kwenye spana apate urefu, akavuta tena huku miguu ikiteleza. Bolti haina habari.

"Nikizidisha itakatika kichwa," alisema. "Ikikatika, ngoma yenu mtawachezea fisi."

Wakati huo lori la Wagalu likatokea nyuma. Mabula, manju wao, alimwambia dereva wake apunguze mwendo ili matusi yafike vizuri. Akauliza kama Wagika siku hizi wanavichezea vyuma baada ya kukimbiwa na binadamu. Akaahidi kuwasalimia uwanja. Kisha vumbi lao likawameza wote.

Athanas alitaka waende kwa miguu, lakini ngoma zile kubwa hazikuwa mzigo wa kichwa. Bernadina, mwimbishaji wao, akasema kwao shamba gumu hulimwa kwa ngoma, jembe linashuka pamoja na pigo. Bolti nayo ni shamba tu. Wakawasha majani na kuni pembeni, mbali na lori, wakaanza kuzikausha ngoma ngozi zikaze.

Akida alipouona ule moto, alichomeka ndani yake ncha ya mtaimbo. Ilipokuwa nyekundu akaigandamiza kwenye kichwa cha bolti. Chuma kikipata moto kinalegea, alieleza, na hapo kinataka mafuta ya kupenya. Mafuta hakuwa nayo. Jicho lake likaenda kwenye donge la nta lililobandikwa katikati ya ngoma ya Maganga.

"Hiyo ndiyo sauti yake," Maganga alisema.

"Sauti ya nini, mzee, kama hatufiki?"

Maganga aliibandua mwenyewe kwa kucha, polepole, kama mtu anayejing'oa jino. Nta ikayeyuka, ikanyweka pembeni mwa bolti. Ngoma zikalia, Bernadina akaanzisha wimbo wa kulima, Akida akawa anaigonga bolti kwa nyundo kufuata pigo. Athanas akashika bomba. Moto, nta, nyundo, bomba, halafu upya.

Barabara ile ndiyo ya wote waliokuwa wakielekea kwenye ngoma. Wenye baiskeli wakashuka. Waliokuwa kwa miguu wakatua vikapu. Wakaja watu na watu, kila mmoja na ushauri wake. Mama mmoja mnene alimwambia Akida kwamba mumewe naye alikuwa hivyo hivyo, hakusogea mpaka alipochomwa. Watu wakavunjika mbavu, wakajipanga nao kuvuta, barabara ikafungika kabisa.

Jua lilipoanza kushuka alikuja Mgalu mmoja kwa baiskeli, jasho linamtiririka. Aliuliza watu wamekwenda wapi. Uwanjani, alisema, yuko Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, kwenye kiti chake, machifu na askari, basi; Mabula anawachezea hao hao, na mmoja keshasinzia. Maganga alicheka mpaka akakaa chini. Wakubwa wanangojeshwa na bolti!

Akida akamnong'oneza, "Mzee, imecheza."

"Kiasi gani?"

"Robo."

"Iache hapo hapo."

"Fundi hawezi kuiacha bolti inayotoka."

"Basi itoe kwa adabu," Maganga alisema, akarudi mbele na kuwaongoza wachezaji wake kama mtu aliyepungua miaka. Bolti kila ilipozunguka kidogo watu walishangilia, na kila waliposhangilia Akida alipumzika, akafuta uso, akawatazama.

Yule wa baiskeli alipowafikishia habari, Wagalu wakarudi na lori lao, wakashusha ngoma upande wa pili wa barabara. Wakacheza vizuri, hakuna wa kuwanyima hilo. Watazamaji wachache waligeuza shingo. Hakuna aliyeinua mguu.

Bolti ilitoka mwanga ukiwa wa mwisho mwisho. Akida aliiinua juu, na watu wakapiga vigelegele kama kazaliwa mtoto. Mabula alivuka barabara, akampa Maganga mkono mbele ya wote.

"Umeshinda," alisema. "Lakini mwakani na mimi nakuja na lori bovu."

"Njoo nalo," Maganga alijibu. "La kwangu litakuwa bovu zaidi."