Adabu za Ukuta

Nusaiba alikuwa anafua uani, kule Madale, king'ora cha machimbo kikalia. Akaacha nguo kwenye beseni, akaingia kumshika mkono mama mkwe wake, Bi Hija, wakasimama mlangoni. Baruti ikalipuka. Vumbi la kokoto likatua juu ya povu. Ufa wa chumbani kwa Bi Hija, uliokuwa unapitisha kidole, sasa ulipitisha kuku, na kuku mwenyewe alikuwa keshapita.

Kampuni ya machimbo iliahidi kujenga upya kila ukuta ambao ufa wake utaonekana kwenye picha za mkaguzi wake. Ufa wa ukuta huu haukuonekana. Kila akija mkaguzi ulijifunga, kama mwanamke anavyovuta khanga kifuani akisikia hodi. Nusaiba aliuchunguza muda mrefu mpaka akajua: haujifungi kwa ajili ya mtu, unajifunga kwa neno "karibu". Mwizi aliyewahi kuingia humo aliukuta wazi.

Masika yalikuwa mlangoni, na paa lote la upande ule lilikalia ukuta huo.

"Leo mkaguzi akija, mama, usimkaribishe."

"Mgeni aje kwangu nimkodolee macho kama mjusi?"

"Nyamaza tu."

"Na akiniamkia?"

"Itikia marahaba, uishie hapo. Mama, paa litakuangukia."

"Liniangukie na adabu zangu."

Mkaguzi, Erasmus, alipiga hodi. Nusaiba alifungua bila neno. Kijana akasubiri kidogo pale kizingitini, kofia ya kazi mkononi, kisha akaingia mwenyewe. Ufa ulikuwa wazi. Jua lilipenya humo likaanguka kitandani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Bi Hija akabana midomo. Erasmus akainua simu apige picha, kikohozi kikamshika, kile kikavu cha watu wa vumbi. Akaishusha. Akaiinua tena, akakohoa mpaka akashika goti. Nusaiba alimtazama mama mkwe wake bila kupepesa.

"Jamani, mtoto wa watu," akasema Bi Hija. "Karibu, baba, kaa kitako. Nusaiba, maji!"

Ukuta ukajifunga kwa sauti ya jamvi linalokunjwa. Simu ikalia *ka*. Pichani palikuwa na chokaa nyeupe, safi.

"Umeuona," Nusaiba akasema.

"Nimeuona, sista. Nyumba nyingi za huku ziko hivi."

"Na ofisini wanajua?"

Erasmus alikunywa maji yote kwanza.

"Wanajua. Ndiyo maana tumeambiwa tusiingie kwa mtu bila kupiga hodi."

Akashukuru, akaondoka. Alipofika barabarani ufa ukaachia, mpana kuliko asubuhi, na udongo ukamwagika juu ya mto wa kulalia. Nusaiba akakung'uta shuka, akakiburuta kitanda hadi sebuleni. Kikakwama karibu na mlango, kikabaki hapo. Masika yalipoanza Bi Hija alikuwa analala palepale, na wageni wa kampuni aliwakaribisha bila hata kuinuka.