Mjane Aliyeng'oa Nyasi

Teksasi ilipokuwa bado ya Meksiko, serikali iligawa ardhi yake kwa utaratibu wa kuheshimika: mwenye familia alipewa shamba zima la malisho, kapera robo yake. Tangazo liliposomwa kwenye kambi ya wahamiaji, makapera wote wa Kiayalandi walinyoa ndevu.

Malachy Quirk alinyoa mara mbili, kisha akaenda kwa Honora Scanlan, mjane wa rafiki yake aliyekufa kwa kipindupindu mara tu waliposhuka melini.

"Shemeji," alisema, kofia kifuani, "nimekuwa nikikuwaza."

"Tangu lini?"

"Tangu... muda."

"Tangu tangazo. Kaa ule."

Malachy alikula, akaeleza. Mwanamke hapewi ardhi, afisa atamcheka. Yeye ana maksai, Honora ana watoto na ng'ombe mmoja. Wakioana, mambo safi. Hati itakuwa na jina la Malachy, lakini hilo ni jambo dogo.

Kwa Honora halikuwa dogo. Kule Wexford, Ayalandi, baba yake alilima ardhi ya bwana mmoja maisha yake yote, na alipokufa walifukuzwa kabla matanga hayajaisha. Aliamua ataomba kwa jina lake mwenyewe. Wakimcheka, na wacheke.

Siku ya kugawa, afisa, Don Anselmo, alisimama porini na mashahidi. Malachy alijisogeza kando ya Honora, akambeba mtoto mdogo, sura ya baba mzima.

"Mwenye familia nani?"

"Mimi!" walijibu wote wawili.

"Huyo ni jirani," Honora alisema. "Muulize mtoto anaitwa nani."

"Patrick," Malachy alijibu bila kusita.

"Mimi Brigid," mtoto alisema.

Don Anselmo alikohoa sana. Kisha akasema sheria inamhesabu mjane mwenye watoto kuwa mwenye familia, akamshika Honora mkono. Kama desturi ya kukabidhiwa ardhi ilivyotaka, Honora aling'oa nyasi, akachomeka vigingi, akarusha mawe. Moja lilipita karibu mno na sikio la Malachy.

"Inatosha, mama. Ni yako."

Honora aling'oa nyasi nyingine.

Jumatatu alimwajiri Malachy na maksai wake kwa malipo ya ndama. Walijenga zizi, wakakamata ng'ombe mwitu, wakawatia chapa. Binti zake walipofikia umri wa kuolewa, mifugo ya kina Scanlan ilikuwa inakula nyasi mpaka ng'ambo ya mto, na makapera waliokuja kuposa walihojiwa kwanza jikoni, kwa muda mrefu.