Baiskeli ya Kulalia

Vijana wa Katandala, pale mjini, walisema Zenon anaunda jeneza lenye pedeli. Aliwaacha waseme. Shule aliikimbia darasa la sita, akaingia karakana ya kuchomelea milango, na kama kuna vitu vilivyojaa kichwani mwake ni mabomba na hasira.

Hasira yenyewe ilikuwa kwa ajili ya kaka yake, Flavian. Tangu ushirika ufe na kila mtu aambiwe ajitafutie soko, Flavian alikuwa anashusha maharage Muze, kule bondeni, kwa baiskeli na kupandisha samaki. Siku moja, katikati ya mteremko, waya wa breki ukakatika. Miguu ilipona, mgongo ukagoma. Akikaa wima kidogo tu, jasho linamtoka. Akilala chali, anageuka mzigo wa mkewe, Kristiana. Lakini akiegemea nusunusu, magunia yamemkinga mgongo, maumivu yanatulia, na miguu inatafuta kazi.

Na kazi ilikuwepo. Masunga, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe akaishia kuwa mnunuzi wa mahindi, alitaka mtu wa kusimamia mizani kwenye ghala lake pale Katandala. Alimjua Flavian kuwa hana mkono mrefu.

"Hata asome mizani amelala, mimi sijali," alisema. "Ila afike mwenyewe kila asubuhi. Sitaki habari za mtu kubebwa kama chupa ya maji." Akawapa mpaka Jumatatu ya kufungua msimu.

Kutoka kijijini kwao mpaka ghalani ni saa nzima ya baiskeli, na barabara yote imejikunja kama bati. Zenon akasema atatengeneza baiskeli ya kulalia. Alitafuta fremu mbili za zamani, zile nzito, siyo hizi mpya zilizojaa madukani, ukizikanyaga vibaya zinapinda kama waya wa mwavuli. Akamwegemeza kaka yake ukutani, akachora kwa mkaa: mgongo unaishia hapa, nyonga hapa, magoti yakikunjwa yanafika hapa.

"Ukuta wangu huo nimeusiriba juzi," alisema mama yao, Cornelia.

"Mama, huu ndio mchoro."

"Mchoro wa nini? Mtu anaendesha baiskeli miguu mbele kama anazaa?"

Flavian alicheka mpaka mgongo ukamkemea.

Pedeli zilikaa mbele kabisa, mbele ya gurudumu dogo la baiskeli ya mtoto, ili miguu ipite juu yake. Cheni tatu ziliungwa kuwa moja. Uma wa mbele aliusimamisha wima mno, baiskeli ikawa inatikisa kichwa kama mbuzi aliyefungwa. Akaukata, akaulaza kidogo, ikatulia. Iliyobaki ni nyuma, na nyuma ndiyo ilikuwa roho ya kazi, maana mgongo wa Flavian ungelala karibu kabisa na gurudumu hilo. Zenon alilishikisha kwenye mkono wa chuma unaopanda na kushuka kwa bawaba, juu yake akaweka springi ya pikipiki iliyokufa. Bawaba aliifunga chini ya kiti, kwa sababu pale ndipo bomba lilipokuwa nene. Hakufikiria zaidi ya hapo.

Kuijaribu mwenyewe hakuweza. Baiskeli ilikatwa kwa kimo cha Flavian, na Zenon ni mfupi, nyayo hazifiki. Akachukua gunia la mahindi lenye uzito wa kaka yake, akalifunga kwenye kiti, akalisukuma mbio barabarani. Nyuma ikawa inapanda na kushuka, gunia limetulia kama mgeni wa heshima.

"Umeona?" alimwambia Kristiana. "Gunia halijashtuka hata kidogo."

"Nimeona," alisema Kristiana, na kwa mara ya kwanza mwaka ule alimpa shemeji yake nyama kubwa kuliko ya mumewe.

Jumapili baada ya misa wakampandisha Flavian. Alijilaza, akashika usukani.

"Dogo, hii kitanda."

"Kanyaga, braza."

Akakanyaga. Nyuma ikazama. Akakanyaga tena, ikainuka na kuzama tena, na kila ilipozama ilimpiga Flavian pale pale palipovunjika. Alikwenda mpaka mti wa jirani, shati limeloa.

"Vipi?"

"Poa."

"Poa gani, unalia."

Zenon akapiga magoti, akamwambia asukume pedeli pole pole. Hapo akaona. Cheni ilipita juu ya bawaba, mbali nayo. Kila pedeli ikisukumwa, cheni inavuta gurudumu mbele, na mkono wa chuma, kwa kukosa pa kwenda, unajikunja. Nguvu yote inaishia kwenye springi, na springi inairudisha mgongoni. Bawaba ilitakiwa iwe juu, usawa wa cheni. Gunia lilimdanganya. Gunia halikanyagi pedeli.

Alikaza kipande cha mti kwenye springi isicheze. Flavian akaenda hatua chache barabarani, na safari hii mawimbi ya barabara yenyewe yalimpiga. Akasema, "Toa."

Kuhamisha bawaba ni kukata bomba kubwa na kuchomelea upya. Bosi wa Zenon alikuwa amefunga karakana, amekwenda mpakani Kasesya kutafuta vijiti vya kuchomelea, maana mjini vilikuwa vimekwisha. Na Jumatatu ilikuwa kesho.

Asubuhi Zenon alimsukuma kaka yake njia nzima. Flavian hakukanyaga, kwa hiyo hakuumia. Masunga alitoka ghalani, akawatazama, akaizunguka baiskeli.

"Shikamoo, mzee," alisema Zenon.

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Chuma kizuri hiki. Sasa nani amekuja, yeye au wewe?"

"Nitamsukuma kila siku. Tupe wiki moja tu, mzee, nihamishe bawaba."

"Mahindi yamefika leo."

"Nimesema nitamsukuma."

"Hapana," alisema Flavian, akiwa amelala pale pale na macho juu. "Hatanisukuma. Ana kazi yake. Mpe mtu mwingine, mzee."

Masunga alivuta pumzi, akaingia ndani, akamwita kijana aliyekuwa anangoja mlangoni na daftari jipya mkononi.

Zenon akageuza baiskeli, wakarudi. Kabla ya kijiji kuna mteremko mrefu, halafu mlima wa kufika kwao. Juu ya mteremko Flavian akasema, "Niachie."

"Utaanguka."

"Breki zako si nzima? Niachie."

Zenon akaachia. Baiskeli ikaondoka yenyewe, bila pedeli, ikashika mwendo, nyuma inapanda na kushuka kila wimbi la barabara, na Flavian amelala juu yake ametulia tuli, miguu mbele, kofia mkononi. Kule chini ikapunguza mwendo taratibu, ikasimama pale mlima unapoanzia.

Zenon alishuka kwa miguu.

"Umeumia?"

"Hata kidogo."

"Nitahamisha hiyo bawaba."

Flavian alivaa kofia, akaishusha mpaka machoni.

"Sukuma," alisema.